Mbwa mzee akianguka ghafla, msianze na rungu wala vidonge

Mhariri,

Sisi madaktari wa mifugo tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mbwa amelinda geti miaka tisa, hajawahi kuugua zaidi ya kupe na minyoo. Usiku mmoja anaanguka, anakakamaa, shingo inarudi nyuma, miguu inapiga hewani kama anaendesha baiskeli, povu linamtoka na mkojo unampotea. Baada ya dakika moja na nusu anatulia, anainuka kwa kuyumba, anagonga ukuta kama kipofu. Kukicha mtaa mzima umeshatoa hukumu. Huyu anasema ni kichaa, apigwe. Yule anasema wezi wamemlisha sumu, anyweshwe maziwa. Mwingine anasema kifafa tu hicho, na jirani ana vidonge vya mgonjwa wake vilivyobaki. Hakuna aliyeuliza mbwa ana umri gani, wala kama aliwahi kuanguka kabla ya usiku huo.

Swali hilo la umri sisi huliuliza kabla hatujamgusa mbwa. Kifafa cha asili, kile ambacho ukipima ubongo hukuti kasoro yoyote, kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na kati ya miezi 6 na miaka 6. Mbwa aliyefika miaka 8 au 11 bila kuanguka hata siku moja, kisha akaanza, mara nyingi ana sababu inayoweza kutafutwa. Sababu hiyo huenda iko nje ya ubongo: sukari imeshuka, ini au figo zimechoka, shinikizo la damu limepanda, kuna sumu. Au iko ndani ya ubongo wenyewe, na hapo, kwa mbwa mzee, uvimbe ni mmoja wa washukiwa wa mwanzo.

Wengi watasema hawajui mbwa wao alizaliwa lini. Mtazameni machoni mchana, akiwa kivulini. Kuanzia miaka 7 hivi, kioo cha jicho la mbwa huanza kuwa na ukungu wa rangi ya bluu hafifu, macho yote mawili kwa kiasi kilekile, na bado anaona vizuri. Hiyo si mtoto wa jicho, ni uzee. Mvi za mdomoni si kipimo cha kutegemea. Kuna mbwa wanaota mvi wakiwa na miaka 3.

Uvimbe unaokutwa zaidi kwenye vichwa vya mbwa wazee ni meninjioma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo na kuukandamiza kutokea nje. Huu huwapata zaidi mbwa wenye pua ndefu. Wa pili ni glioma, unaoota ndani ya nyama ya ubongo wenyewe, na huo unawaandama Boxer na jamii za bulldog, yaani wale wenye pua zilizobonyea. Mbwa wetu koko hawana kinga ya pekee. Upo pia uvimbe unaotoka kwingine: saratani ya chuchu kwa jike mzee ambaye hakufungwa uzazi, saratani ya wengu, au uvimbe wa ndani ya pua unaokula kifupa chembamba kinachotenganisha pua na ubongo. Mbwa mzee aliyekuwa akitokwa damu tundu moja la pua kwa miezi miwili, kisha akaanza kuanguka, ameshatuonyesha njia.

Uvimbe huleta degedege kwa sababu unachokoza tabaka la juu la ubongo mahali ulipokaa, na zaidi kwa sababu sehemu inayouzunguka huvimba kwa maji. Hayo maji ndiyo tunayoweza kuyapunguza kwa dawa, na ndiyo maana baadhi ya mbwa huonekana kama wamepona ndani ya siku mbili tatu za matibabu, wakati uvimbe uko palepale. Tena kuna pande za ubongo ambazo tunaziita kimya. Uvimbe ukikaa mbele kabisa, karibu na sehemu inayohusika na harufu, mbwa anaweza kuanguka mara moja kwa wiki tatu na katikati akawa mzima wa kutembea, kula na kubweka. Daktari atampima mishipa ya fahamu na asikute kitu. Kwa hiyo kauli ya "amepimwa, hana tatizo" kwa mbwa mzee ichukulieni kwa tahadhari.

Mara nyingi lakini kuna dalili zilizotangulia ambazo watu wa nyumbani walizipita wakidhani ni uzee. Tazameni bakuli. Mbwa mwenye uvimbe upande mmoja wa ubongo wa mbele anaweza kula ugali na dagaa wa nusu ya kulia ya bakuli, akaacha nusu ya kushoto kama ilivyopakuliwa, mpaka wa chakula umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Anasimama pale akilamba sehemu tupu. Ukilizungusha bakuli, anaanza kula tena kana kwamba umemletea chakula kipya. Hana kinyaa na wala hajashiba. Ubongo wake umefuta upande mmoja wa dunia. Mbwa wa namna hiyo hugonga mlango kwa bega lilelile kila siku, na akizunguka uani huzungukia upande mmoja tu. Wengine huingia kwenye kona wakabonyeza paji la uso ukutani, wakasahau namna ya kurudi nyuma. Wengine hukesha wakitembea, au mbwa aliyekuwa mpole anawaka akiguswa kichwani. Haya yakiwapo pamoja na kuanguka, hatuzungumzii tena kifafa cha kawaida.

Kabla ya yote hayo lakini, hakikisheni kwamba alichopata ni degedege kweli. Mbwa mwenye moyo mbovu huzimia: analegea, ufizi unakuwa mweupe, na ndani ya sekunde chache anainuka akiwa na akili zake timamu, mara nyingi baada ya kukimbia au kukohoa. Mwenye degedege hukakamaa, na akiamka hukaa dakika kadhaa, hata saa, akiwa amepotea, ana njaa na kiu ya ajabu. Upo pia ugonjwa wa mizani wa mbwa wazee: anaamka asubuhi kichwa kimeinama upande mmoja, macho yanacheza kwenda na kurudi, hawezi kusimama, anatapika. Watu hudhani ni kiharusi na kuomba achomwe sindano ya mwisho. Huyu yuko macho muda wote, anakusikia ukimwita, na wengi hupata nafuu ndani ya siku tatu hata wiki tatu wakisaidiwa tu kula na kunywa. Tumesisitiza hili kwa sababu mbwa wa namna hii wanauawa bure.

Njia ya kututatulia ubishi ni simu. Piga picha ya video tangu anapoanza hadi anapoinuka, mwili wote uonekane na uso pia. Video ya dakika moja inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, hasa ikionyesha kama kulikuwa na upande mmoja ulioanza: shavu moja likicheza, mguu mmoja wa mbele ukitetemeka kabla ya mwili wote kufuata. Mwanzo wa upande mmoja unatufanya tushuku kidonda mahali maalumu.

Sasa kuhusu kichaa cha mbwa, na hapa hatutaki kumlegezea mtu kamba. Kwa nchi zetu, mbwa yeyote anayeanguka na kutoa mate, ambaye hana cheti cha chanjo ya kichaa kilicho hai, ashikwe kama mwenye kichaa hadi ithibitike vinginevyo. Mfungieni ndani ya banda, msimtie mkono mdomoni, msiguse mate yake bila glavu au mfuko wa nailoni. Tofauti kubwa iko kwenye siku zinazofuata. Mwenye uvimbe hurudi kuwa mwenyewe, hata kama si kikamilifu, na anaweza kukaa wiki bila kuanguka. Mwenye kichaa harudi. Kila siku ni mbaya kuliko jana, taya inalegea, sauti inabadilika, miguu ya nyuma inakufa, na kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu dalili zianze anakuwa amekufa. Aliyeng'atwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda asisubiri siku hizo ziishe: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Ofisa mifugo wa kata apewe taarifa. Na yule anayebeba bunduki ajue kwamba kichaa huthibitishwa kwa kupima ubongo wa mbwa aliyekufa, kwa hiyo risasi ya kichwa, sawa na rungu la kichwa, inaharibu ushahidi ambao daktari wa binadamu anauhitaji.

Sumu nayo ina sura yake. Dawa za kuogeshea ng'ombe na za mashambani zenye oganofosfeti huleta mate mengi, machozi, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya pini na misuli kutetemeka mfululizo, na hali huendelea mpaka atibiwe au afe. Haiji, ikaondoka, ikarudi baada ya wiki mbili. Maziwa hayatengui sumu hiyo, na kumnywesha mbwa asiye na fahamu ni kumjaza maziwa kwenye mapafu. Ulizeni pia kama ameogeshwa dawa ya kupe wiki hiyo, nani aliichanganya na alipima kwa kitu gani. Kifuniko cha chupa si kipimo. Halafu kuna vile vidonge vya kutafuna vya kuua kupe na viroboto, vyenye afoksolana, fluralana na ndugu zake. Ni dawa nzuri, lakini mwezi Septemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya mbwa hupata mitetemeko na degedege wakizitumia. Mbwa aliyekwisha kuanguka, chagueni njia nyingine ya kupambana na kupe.

Akianguka mbele yako, tazama saa. Hilo ndilo la kwanza, kwa sababu dakika moja ya degedege huonekana kama kumi. Ondoa viti na mawe, mwekee nguo chini ya kichwa, mvute mbali na ngazi, karo au kisima kwa kumshika nyuma, sio mbele. Zima redio na taa kali, toa watoto na mbwa wengine. Mbwa wenzake humshambulia aliyeanguka. Usimtie kijiko mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake, ila atavunja kijiko pamoja na meno, au atakata kidole chako bila kujua amefanya hivyo. Ikiisha, mwache. Mtu anayemkumbatia mbwa aliyetoka kwenye degedege anakumbatia mnyama ambaye bado hamtambui.

Degedege moja fupi ya dakika moja au mbili inaweza kusubiri asubuhi. Ikipita dakika 5, au zikija mbili na zaidi ndani ya saa 24, au akianguka tena kabla hajarudiwa na fahamu, hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Misuli inayopiga bila kupumzika huchemsha mwili. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likifika 41 ubongo na figo huanza kuharibika, hata kama uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo. Mlowanisheni tumboni, kwapani na kwenye nyayo kwa maji ya bomba, mpepeeni, na acheni kumpoza likishuka hadi 39.5, la sivyo litaendelea kushuka lenyewe mpaka apate baridi.

Kwa mbwa anayejulikana kuwa na tatizo hili, mwombeni daktari awaandikie diazepamu, dawa ya kukatisha degedege, ya kukaa nyumbani, na aandike kiasi kwa mkono wake. Ni dawa inayodhibitiwa, haiuzwi kama pipi. Hupitishwa kwenye njia ya haja kubwa, miligramu 1 kwa kila kilo ya mbwa. Ampuli ya kawaida ina mililita 2 zenye miligramu 10, yaani mbwa wa kilo 24 anahitaji kama mililita 5, ampuli mbili na nusu. Vunja ampuli, vuta dawa kwa bomba la sindano, kisha toa sindano kabisa. Chomeka mrija laini mfupi, upake mafuta ya mgando, uingize sentimita 4 au 5 tu, sukuma dawa, halafu sukuma na hewa kidogo ili isibaki kwenye mrija. Ukiingiza mbali zaidi, damu ya sehemu hiyo hupitia kwanza kwenye ini, na ini huivunja dawa kabla haijafika kwenye ubongo. Inaweza kurudiwa, lakini isizidi mara tatu kwa saa 24, na kati ya dozi na dozi uwe njiani kwenda kwa daktari. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kuivuta dawa mapema na kuihifadhi ndani ya bomba la plastiki "iwe tayari". Plastiki huinyonya diazepamu, na siku ya siku unampa mbwa maji yasiyo na nguvu. Iache kwenye ampuli yake ya kioo, gizani. Kidonge cha diazepamu kwa mdomo wakati mbwa anapiga miguu ni hatari na hakina faida.

Kuhusu vipimo, tuseme wazi: skani ya kichwa si mahali pa kuanzia, hata kwa mwenye fedha. Anzeni na vya bei nafuu, kwa mpangilio. Sukari ya damu ipimwe mbwa akiwa bado dhaifu, kwa sababu ikishuka mno chini ya 3.3 mmol/L yenyewe inatosha kuangusha mbwa, na kwa mzee hufikirisha uvimbe mdogo wa kongosho unaomwaga insulini. Hapa makosa ni mengi. Kipima sukari cha binadamu kwa kawaida husoma chini kwa damu ya mbwa. Damu ikikaa saa tatu kwenye chupa ya kawaida ikisubiri bodaboda, chembe nyekundu huendelea kuila ile sukari, na maabara inaripoti sukari ndogo ambayo mbwa hakuwa nayo. Tumieni chupa yenye floridi, ile ya kifuniko cha kijivu, au tenganisheni maji ya damu mara moja. Kisha ini, figo, kalisiamu, hesabu ya chembe za damu. Kioo chenye tone la damu kitazamwe kwa hadubini kutafuta babesia na erlikia, vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe, maana kupe wetu hawasubiri mbwa apate uvimbe ndipo wamshambulie. Shinikizo la damu lipimwe. Namba ya juu ikizidi 180 inaweza kuleta degedege na upofu wa ghafla peke yake.

Halafu kifua. Eksirei ya mapafu, kwa pembe tatu: ubavu wa kulia, wa kushoto, na kutoka juu kwenda chini, kwani doa lililojificha upande uliolaliwa huonekana ukimgeuza. Mapafu yakiwa na madoa ya mviringo yaliyotapakaa, saratani imeshasambaa, na hakuna haja ya kumlaza mbwa huyo kwa nusukaputi ili kumpiga skani ya kichwa. Kwa maoni yetu, eksirei hii imeokoa fedha za wafugaji kuliko kipimo kingine chochote.

MRI, skani inayotumia sumaku, ndiyo inayoona uvimbe wa ubongo vizuri. CT, skani inayotumia eksirei, huona ule mkubwa wa mbele, hasa ikitumika dawa ya kung'arisha mishipa, lakini sehemu ya nyuma karibu na kisogo mifupa minene huiharibu picha. Kwa mbwa hakuna MRI bila nusukaputi, na nusukaputi kwa ubongo uliobanwa ina hatari zake. Maji ya uti wa mgongo yasivutwe kabla ya picha: pakiwa na mgandamizo mkubwa ndani ya fuvu, kuvuta maji chini ni kuufanya ubongo uteleze kuelekea tundu la kisogo, na mbwa huacha kupumua mezani.

Mashine hizo hazipo kila mji, na hata pale zilipo gharama si ya kila mtu. Mwenye mbwa asijione amemsaliti. Tukishaondoa sababu za nje ya ubongo, inaruhusiwa kabisa kutibu kwa kushuku, na matibabu ni ya aina mbili kwa pamoja. Prednisoloni hupunguza yale maji yanayozunguka uvimbe. Kwa kawaida nusu miligramu hadi 1 kwa kilo kwa siku. Mbwa wetu wa kilo 24 anaanza na vidonge viwili na nusu vya miligramu 5, asubuhi, pamoja na chakula. Fenobabitoni hutuliza degedege, miligramu 2.5 kwa kilo kila baada ya saa 12: kwa mbwa huyohuyo ni vidonge viwili vya miligramu 30 asubuhi na viwili jioni. Kilo zipatikane kwa mizani, sio kwa macho. Pandeni mizani mkiwa mmembeba mbwa, kisha pandeni bila mbwa, mtoe namba ya pili kwenye ya kwanza.

Wiki mbili za kwanza za fenobabitoni atayumba na kulala sana, watu wakaiacha dawa wakidhani inamuua. Mwili huizoea. Damu ipimwe siku ya 14 au zaidi kuona kiwango cha dawa, kwa sababu kabla ya hapo bado kinapanda na namba itadanganya. Tunataka iwe kati ya miligramu 15 na 35 kwa lita. Hospitali za binadamu zenye maabara nzuri zinaweza kukipima. Ini lipimwe kila miezi sita. Atakunywa maji mno, atakojoa mno, atakuwa na njaa ya kuiba, na dawa zote mbili huchangia. Maji msimnyime, chakula msimwongeze, maana mbwa mzee aliyenenepa kilo tano hainuki vizuri baada ya kuanguka.

Fenobabitoni isipotosha, daktari anaweza kuongeza potasiamu bromaidi. Hii inahusiana na jikoni. Figo huichukulia kama chumvi ya kawaida, kwa hiyo wiki ambayo mbwa amekula dagaa wa chumvi, bromaidi hutolewa kwa wingi kwenye mkojo na degedege hurudi. Wiki ya ugali mtupu inapanda na mbwa analewa. Chumvi iwe ileile kila siku, na mbwa mwenye figo mbovu bora asiipate kabisa. Levetirasetamu, dawa nyingine ya degedege, ni nzuri kwa mwenye ini bovu, shida yake ni kwamba inatakiwa kila saa 8, na nani ataamka?

Vile vidonge vya jirani tulivyovitaja mwanzoni, kama ni fenitoini au kabamazepini, mwili wa mbwa huvivunja upesi sana kiasi kwamba haviwezi kukaa kwenye damu kwa kiwango cha kumsaidia. Na msimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa kuwa "anaonekana ana maumivu ya kichwa": zikikutana na prednisoloni hutoboa tumbo, utaona choo cheusi kama lami. Kosa baya kuliko yote ni kukatisha ghafla. Fenobabitoni ikiisha Ijumaa na duka likifunguliwa Jumatatu, degedege za Jumapili zinaweza kuwa kali kuliko za kwanza. Agizeni vidonge vikibaki vya siku kumi. Prednisoloni nayo hupunguzwa kwa hatua, kwani tezi za juu ya figo zilishalala zikiitegemea.

Tusidanganyane kuhusu muda. Kwa dawa hizi tu, mbwa mwenye uvimbe wa ubongo kwa kawaida hupewa wiki kadhaa hadi miezi michache. Wachache hupita hapo. Kule kwenye upasuaji wa ubongo na mionzi, kama Uingereza na Marekani, mbwa mwenye meninjioma anaweza kupata mwaka mmoja au zaidi. Glioma haina ukarimu huo. Wekeni daftari: tarehe, saa, dakika ngapi, upande gani ulianza, alirudiwa na fahamu baada ya muda gani, na kama siku hiyo alikula mwenyewe. Kurasa mbili za daftari hilo zitaonyesha kama siku njema bado ni nyingi kuliko mbaya. Siku mbaya zikizidi, au degedege zikija mfululizo licha ya dawa, ombeni daktari amlaze usingizi wa mwisho nyumbani, kwenye kivuli alichozoea, badala ya kungoja usiku wa saa tatu za degedege.

Na mzoga msiutupe jalalani wala porini. Dawa inayotumika, pentobabitali, haivunjiki upesi baada ya mbwa kufa. Inabaki kwenye ini na nyama, na mbwa wa mtaani, fisi au tai atakayeula mzoga huo naye atalala asiamke. Chimbeni shimo lenye kina cha mita moja na nusu, mbali na kisima na mkondo wa maji, mfukie, kisha panga mawe mazito juu kabla ya tabaka la mwisho la udongo, maana mbwa wengine hufukua usiku wa kwanza.

Ni sisi madaktari wa mifugo,
Morogoro